Vifuko vya maji kwenye figo kwa wenye VHL: usihesabu vifuko, uliza kilichomo ukutani mwake

Bandiko la 1: Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote, na hasa kwako uliyeufungua uzi huu ukiwa umeshika ripoti ya picha mkononi na hujui uanze kuisoma wapi.

Ninaishi na ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau, ambao huleta vivimbe na vifuko katika viungo mbalimbali na ambao sisi wenye nao huuita VHL kwa kifupi, na figo zangu zote mbili zina vifuko vya maji, au sisti kama madaktari wengi wanavyoviita. Ninaandika kwa sababu miaka miwili ya mwanzo niliipoteza nikifuatilia jambo ambalo halikuwa na uzito, huku lenye uzito likikua bila kutazamwa na mtu. Ripoti yangu ya kwanza ya ultrasaundi ilisema kwamba nina vifuko vingi katika figo zote mbili. Daktari aliyeisoma akaniambia kuwa huo ni ule ugonjwa wa kurithi unaozijaza figo vifuko, kwamba kila mwaka nipime shinikizo la damu na kreatini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinafanyaje kazi, na kwamba nisiwe na hofu maadamu kreatini yangu ilikuwa nzuri. Nilikwenda kila mwaka, na kila mwaka kreatini ilikuwa nzuri, nikarudi nyumbani nikishukuru. Hakuna aliyeniuliza kwa nini mjomba wangu alipoteza jicho moja akiwa kijana, wala kwa nini mama yangu alipasuliwa kisogoni kutolewa uvimbe wa ubongo. Mimi mwenyewe sikujua kwamba mambo hayo matatu yalikuwa jambo moja.

Aliyenifumbua macho ni daktari bingwa wa picha ambaye, badala ya kunipa karatasi na kuniaga, alinivutia kiti nikaketi kando yake mbele ya skrini. Alizipitisha picha za MRI moja baada ya nyingine, figo ikifunguka na kufungika kama kitabu. Kulikuwa na duara kubwa jeusi, la sentimita 5, lenye ukingo mwembamba ulionyooka, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi. Alilipita bila hata kupunguza mwendo. Kisha akasimama kwenye kifuko kidogo ambacho mimi nisingekiona, akanionyesha punje iliyojishika ukutani mwake kwa ndani. Katika picha zilizopigwa kabla sijadungwa dawa ya mshipani, punje ile ilikuwa ya kijivu, imefifia. Katika zile za baada ya dawa iling'aa, kwa kuwa damu ilikuwa ikipita ndani yake. Akaipima kwa kipanya: milimita 9. Akaniambia, "Hiki ndicho tutakachokifuatilia. Lile kubwa ni maji tu."

Kwa hiyo ninalotaka kulisema katika uzi huu ni moja, na nitalirudia kila nitakapojibu: kwa mwenye VHL, idadi ya vifuko na wingi wa maji yake si kipimo cha hatari ya saratani. Kipimo ni nyama iliyomo, yaani sehemu ngumu inayopitisha damu, ukubwa wake na kasi yake ya kukua.

Bandiko la 2: Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Nieleze kwanza ugonjwa wenyewe, kwa kuwa bila hilo maelezo mengine yataelea.

Jina limetokana na watu wawili. Eugen von Hippel, daktari wa macho wa Ujerumani, alieleza mwanzoni mwa karne iliyopita, mwaka 1904, vivimbe vya mishipa ya damu ndani ya jicho. Mwaka 1926 Arvid Lindau, mwanapatholojia wa Sweden, akaonyesha kwamba vivimbe vya jicho, vivimbe vya ubongo wa nyuma, na vifuko vya figo na kongosho vinakwenda pamoja katika watu wale wale. Yaani tangu mwanzo vifuko vya figo vilikuwa sehemu ya picha nzima, wala si kitu cha pembeni. Jeni lenyewe, lililoko katika mkono mfupi wa kromosomu ya 3, lilitambuliwa mwaka 1993. Inakadiriwa kwamba mtoto mmoja kati ya takriban 36,000 huzaliwa na hitilafu hiyo.

Kila seli ina nakala mbili za jeni la VHL, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Sisi tumezaliwa na nakala moja mbovu katika kila seli ya mwili, lakini nakala nzima iliyobaki inatosha kufanya kazi, na ndiyo sababu mtoto huzaliwa akiwa na figo zisizo na dosari. Taabu huanza pale seli moja ya figo inapoipoteza na ile nakala ya pili. Protini ya VHL ina kazi ya kuiwekea alama ya kuangamizwa protini nyingine, iitwayo HIF, wakati wowote ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Kazi ya HIF ni kuuambia mwili kwamba hewa imepungua, hivyo mishipa mipya ya damu ijengwe na damu nyingi zaidi itengenezwe. Seli isiyo na VHL haiwezi kuinyamazisha HIF. Huwa imezungukwa na oksijeni tele na bado inaita msaada kama inayozama, mchana na usiku, na mishipa inakuja, na seli inagawanyika. Utafiti wa namna seli zinavyoihisi oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilifunuliwa na ugonjwa huu wetu adimu.

Sasa zingatieni hapa. Seli zilizotandikwa ndani ya kifuko cha mwenye VHL mara nyingi ni seli ambazo tayari zimezipoteza nakala zote mbili. Kwa mtu asiye na VHL, kifuko cha maji cha kawaida ni kitu cha umri tu na hakina habari. Kwetu sisi, kifuko na saratani ni ndugu wa tumbo moja. Hiyo haina maana kwamba kila kifuko kitageuka, la hasha. Vifuko vingi hukaa vilivyo kwa miaka, na baadhi hata hunywea. Maana yake ni kwamba hatuna ruhusa ya kukipa kifuko kisogo bila kwanza kuutazama ukuta wake.

Bandiko la 3: Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa moyo wote. Dada yangu ana umri wa miaka 34, na amethibitishwa kuwa na VHL baada ya kutolewa uvimbe wa ubongo mwaka jana. Ultrasaundi imeonyesha vifuko vinane, kikubwa kikiwa na sentimita 6. Nyumbani hatulali. Tumeshauriwa na mtu kwamba kile kikubwa kitobolewe kwa sindano maji yatolewe, ili "kisije kikageuka". Je, hilo ni sahihi? Na je, figo zake zitakufa?

Bandiko la 4: Mwanzisha uzi

Pole sana, ndugu yangu, na umpe pole dada yetu. Nitajibu kwa utaratibu.

Kutoa maji kwa sindano hakuondoi hatari, kwa kuwa hatari haimo ndani ya maji. Ukuta unabaki pale pale, seli zake ni zile zile, na kwa kawaida maji hurudi kujaa. Kifuko hutobolewa pale kinapomletea mgonjwa maumivu au kinapobana njia ya mkojo, na hata hapo daktari anayeufahamu ugonjwa huu atataka ahakikishe kwanza kwamba hakuna nyama ndani yake, maana kuchoma sindano katika uvimbe wa saratani si jambo la kufanywa kwa wepesi. Kama kifuko hicho cha sentimita 6 hakimsumbui, swali la kwanza si namna ya kukiondoa, bali ni hili: picha ya MRI yenye dawa ya mshipani imesema nini kuhusu ukuta wake na kuta za vile saba vilivyobaki?

Ama kuhusu figo kufa, hapa ndipo mkanganyiko ulionipata mimi unapozaliwa. Ule ugonjwa mwingine wa kurithi unaozijaza figo vifuko, ambao ni wa kawaida zaidi, huzikuza figo hadi zikawa kubwa mno na kuzichosha taratibu, ndiyo maana kreatini hufuatiliwa sana. Katika VHL vifuko vyenyewe ni nadra kuidhoofisha figo. Figo za mwenye VHL hushindwa hasa kwa sababu mbili: saratani, au upasuaji mwingi mno uliofanywa kwa kuiogopa saratani. Kreatini nzuri basi si ushahidi kwamba mambo ni salama. Yangu ilikuwa nzuri siku ile ile nilipoonyeshwa ile punje.

Bandiko la 5: Mchangiaji (daktari wa picha)

Ninaomba kuchangia kama mtu ambaye kazi yake ni kusoma picha hizi.

Mwanzisha uzi ameeleza vyema, nami niongeze kidokezo cha kutofautisha magonjwa hayo mawili. Katika ugonjwa wa kawaida wa figo kujaa vifuko, kiungo kingine kinachopata vifuko sana ni ini. Katika VHL ni kongosho. Nikiona vifuko katika figo zote mbili, figo zenyewe zikiwa na ukubwa wa kawaida, ini likiwa safi na kongosho likiwa limejaa vifuko, huandika jina la VHL kwenye ripoti hata kama aliyemtuma mgonjwa hakuuliza. Vifuko vya kongosho vyenyewe kwa kawaida havina madhara, ila ni shahidi mzuri. Kwa wanaume, uvimbe mdogo katika mirija ya juu ya korodani ni shahidi mwingine, na wengi huona haya kuutaja.

Kuhusu chombo: ultrasaundi ni nzuri katika kusema "haya ni maji", lakini hupitwa kwa urahisi na vivimbe vidogo vya nyama, hasa figo ikiwa tayari imevurugika kwa vifuko vingi. CT, yaani picha za eksirei za vipande vipande, huona vizuri, lakini mtu wa VHL atapigwa picha maisha yake yote, na mionzi hujumlishana. Ndiyo sababu MRI, ambayo hutumia sumaku bila mionzi hiyo, hupendelewa. Na tafadhali, picha ipigwe kabla ya dawa na baada ya dawa. Kifuko kinaweza kuwa na damu iliyoganda au maji mazito ambayo hufanana na nyama mpaka pale dawa inapoonyesha kwamba hakuna kinachong'aa.

Nina ombi moja kwa wagonjwa. Njooni na picha za zamani zenyewe, siyo karatasi ya ripoti pekee. Uvimbe wa milimita 14 ambao mwaka juzi ulikuwa milimita 13 ni habari tofauti kabisa na uvimbe wa milimita 14 ambao mwaka juzi haukuwapo, na bila picha ya zamani siwezi kuwatenganisha hao wawili. Mara nyingi nimeketi na picha moja tu mbele yangu, mgonjwa akiwa amepigwa picha tano mahali pengine, nikalazimika kuandika "irudiwe baada ya miezi sita" kwa sababu tu sikuwa na cha kulinganisha nacho.

Jambo la mwisho: madaraja ya Bosniak, ambayo hutumika kupanga vifuko vya figo kwa kiwango cha kutiliwa shaka, hayakutungwa kwa ajili ya watu wenye VHL. Daraja la chini kwa mtu mwingine huweza kumfungia faili. Kwa mwenye VHL halifungi.

Bandiko la 6: Mchangiaji

Samahani, kuna jambo linanikera. Nimesoma kwamba wenye VHL huambiwa wasubiri mpaka uvimbe ufike sentimita 3 ndipo wapasuliwe. Huu ni uvimbe wa saratani tunaozungumzia. Ni nani mwenye akili timamu anayeweza kuishi na saratani tumboni akiitazama ikikua? Kaka yangu alipopatikana na uvimbe wa sentimita 1.8 tulishikilia utolewe mara moja, figo nzima ikaondolewa. Leo ana vingine viwili kwenye figo iliyobaki.

Bandiko la 7: Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hukukosea kuogopa, na mlifanya ambalo familia yoyote yenye upendo ingelifanya. Lakini kisa cha kaka yako ndicho hasa kilichoifanya kanuni ya sentimita 3 iwepo, hivyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Mwaka 1995 watafiti walizichunguza kwa hadubini sehemu za figo za wenye VHL ambazo kwa macho zilionekana nzima kabisa. Kutokana na walichokiona walikadiria kwamba figo moja inaweza kubeba vivimbe vidogo sana vya nyama wapatao 600 na vifuko vidogo zaidi ya 1,100. Tafakari maana yake. Hakuna upasuaji unaoweza "kuisafisha" figo ya mwenye VHL. Ukitoa kimoja leo, vingine vipo vinasubiri zamu, na huna figo za akiba. Anayekimbilia kisu kila kivimbe kinapochungulia anaweza kupasuliwa mara nyingi, kila mara kovu likiongezeka na upasuaji unaofuata ukiwa mgumu zaidi, na mwisho wake ni mashine ya kusafisha damu.

Kwa upande mwingine, kungoja bila kikomo kunaua. Kwa hiyo swali likawa: ni ukubwa gani ambao chini yake saratani hii haijawahi kusambaa? Katika kundi la wagonjwa wa VHL lililochapishwa mwaka 2004 kutoka Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wagonjwa 108 walikuwa na vivimbe visivyofika sentimita 3, na hakuna hata mmoja ambaye saratani yake ilikuwa imesambaa. Kati ya 73 waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi ya huo, 20 ilikuwa imesambaa. Ndiyo mstari ulipochorwa. Hupimwa ule uvimbe wa nyama ulio mkubwa kuliko yote, wala maji hayahesabiwi. Unapofika hapo, daktari wa upasuaji huingia na kuondoa kila anachoweza kukifikia katika figo hiyo kwa mara moja, akikimenya uvimbe na kuiacha nyama nzima ya figo mahali pake. Kwa vivimbe vidogo katika mahali panapofikika, wengine huvichoma au kuvigandisha kwa sindano maalumu bila kufungua tumbo.

Mimi mwenyewe ile punje ya milimita 9 niliishi nayo miaka sita. Haikuwa rahisi. Kila picha ilipokaribia niliamka usiku na kuushika ubavu, kana kwamba ningeweza kuisikia. Ilipofika sentimita 2.8 na nyingine ikiwa nyuma yake, daktari akasema sasa tupange tarehe. Nilitolewa vivimbe vinne siku moja na figo ikabaki. Kama ningepasuliwa ile mara ya kwanza, ningekuwa nimekwisha kufunguliwa mara mbili na ningekuwa na figo ndogo zaidi kuliko niliyo nayo leo.

Kuhusu kaka yako, vile viwili vilivyobaki vina ukubwa gani, na viko kwenye figo yake pekee? Basi ni muhimu mno aangaliwe mahali ambapo wanafahamu upasuaji wa kuiokoa figo, wala asikubali figo hiyo iondolewe kabla ya kupata maoni ya pili.

Bandiko la 8: Mchangiaji (daktari wa picha)

Niongeze tahadhari moja kwa mkazo. Kanuni ya sentimita 3 ni ya VHL, wala haihamishiki kila mahali. Upo ugonjwa mwingine wa kurithi unaotokana na hitilafu ya jeni la fumarati hidratasi, ambao huleta vivimbe vya ngozi na vya kizazi pamoja na saratani ya figo, na saratani yake husambaa mapema hata ikiwa ndogo; huko hakuna kusubiri. Na katika ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, vifuko vya figo huambatana na vivimbe vyenye mafuta na mishipa, ambavyo tishio lake kubwa ni kuvuja damu. Picha tatu zinaweza kufanana kwa mtazamaji wa haraka, na njia zake ni tatu tofauti. Jina la ugonjwa lithibitishwe kwa kipimo cha jeni kabla mtu hajaanza kusubiri.

Bandiko la 9: Mchangiaji (mzazi)

Wapendwa, mume wangu ana VHL. Tuna mtoto wa miaka 9 ambaye hajapimwa. Anacheza, anakua, hana tatizo lolote. Nasitasita kumpima kwa sababu naona kama nitamwibia utoto wake. Lakini baada ya kusoma uzi huu nimeanza kuogopa kwamba figo zake tayari zina vifuko. Nifanye nini?

Bandiko la 10: Mwanzisha uzi

Mzazi mwenzangu, nimelisoma bandiko lako zaidi ya mara moja, na ninaelewa kila neno kwa kuwa nimelipitia na binti yangu.

Figo kwanza, ili upumue: katika umri wa miaka 9 figo si hofu ya kwanza. Mwongozo unaotumiwa na wengi unaianza MRI ya tumbo kwenye umri wa takriban miaka 15, kisha kila baada ya miaka miwili kama hakuna kinachoonekana, kwa sababu saratani ya figo katika VHL hutokea hasa kwa watu wazima, kwa wastani mwishoni mwa miaka ya thelathini. Lakini macho huanza kuangaliwa mtoto akiwa bado mchanga, maana kivimbe cha retina kikiwahiwa kikiwa kidogo huchomwa kwa leza na uwezo wa kuona ukabaki. Na kuanzia takriban miaka 5 hupimwa kila mwaka kemikali za tezi za juu ya figo, zinazoitwa metanefrini, kwa ajili ya uvimbe uitwao feokromositoma, ambao hupandisha shinikizo la damu ghafla.

Kila mtoto wa mwenye VHL ana nafasi ya nusu kwa nusu. Nikuombe uitazame ile nusu nyingine pia. Kipimo cha damu kinaweza kumwondoa mtoto wako kabisa katika orodha ya macho, damu na picha, akaishi bila kuwekewa alama asiyoistahili. Wa kwangu alipimwa akiwa na miaka 7. Anayo. Tulimweleza kwa maneno machache kwamba yeye na mzazi wake wanafanana kwa jambo moja, na kwamba daktari wa macho atakuwa rafiki wa kudumu. Utoto wake haukuibiwa. Kilichopotea ni usingizi wangu wa wiki kadhaa, na ukarudi.

Kwa wale ambao hakuna mwenye VHL katika ukoo wao na bado wamepatikana nayo, msishangae wala msinyosheane vidole. Takriban mmoja kati ya watano miongoni mwetu ndiye wa kwanza katika familia yake.

Bandiko la 11: Mchangiaji

Vipi kuhusu vile vidonge vipya? Nimesikia havihitaji upasuaji kabisa.

Bandiko la 12: Mwanzisha uzi

Unazungumzia belzutifan, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Agosti 2021 kwa watu wazima wenye VHL ambao vivimbe vyao vya figo, vya ubongo na uti wa mgongo, au vya kongosho vinahitaji matibabu lakini havihitaji upasuaji wa papo hapo. Inakwenda moja kwa moja kwenye chanzo, kwa kuizuia ile HIF niliyoieleza mwanzoni. Katika jaribio lililoipa kibali, lenye wagonjwa 61 wenye saratani ya figo, karibu nusu yao walipata vivimbe vikasinyaa kwa kiwango kinachohesabiwa kitaalamu, na kwa wengi waliobaki ukuaji ulisimama. Kwa ugonjwa ambao kwa miaka yote ulikuwa na kisu pekee, nililia niliposoma matokeo hayo.

Hata hivyo, "kabisa" ni neno kubwa. HIF hiyo hiyo ndiyo inayouambia mwili utengeneze damu, kwa hiyo asilimia 90 ya wagonjwa wa jaribio lile walipata upungufu wa damu kwa viwango mbalimbali, na wengine oksijeni yao hushuka, hivyo damu na oksijeni hupimwa mara kwa mara. Dawa hii humdhuru mtoto aliye tumboni, na hupunguza nguvu ya dawa za homoni za kuzuia mimba, kwa hiyo mwanamke anayeitumia lazima awe na kinga nyingine isiyo ya homoni. Ni mlango mpya wa kweli, na wa kuuingia pamoja na daktari anayekujua.

Na kwa yeyote anayekwenda kupasuliwa, iwe figo au jino linalohitaji kulazwa usingizi, au anayetarajia kujifungua: metanefrini zipimwe kwanza. Feokromositoma isiyojulikana inaweza kumuua mtu juu ya meza ya upasuaji uliokuwa wa kumponya. Msiingie chumba kile bila kuuliza, hata kama mtaonekana wasumbufu.

Bandiko la 13: Mchangiaji (wa bandiko la 3)

Ninarudi kutoa mrejesho kama nilivyoahidi kwa ujumbe wa faragha. Dada amepigwa MRI kabla na baada ya dawa, na tuliomba kuonyeshwa picha zenyewe kama mlivyotuelekeza. Kile kifuko cha sentimita 6 ni maji matupu, ukuta wake ni mwembamba, hakuna kinachong'aa. Kimeachwa kama kilivyo. Lakini katika figo ya kulia, kwenye kifuko cha sentimita 2 ambacho ultrasaundi ilikiita cha kawaida, kuna sehemu ya nyama ya milimita 12. Metanefrini zake ziko sawa. Amepangiwa kurudia picha baada ya miezi sita ili kasi ya ukuaji ijulikane. Dada mwenyewe ndiye aliyeomba kunakiliwa picha zote kwenye diski kabla hatujaondoka.

Bandiko la 14: Mwanzisha uzi

Alhamdulillahi kwa yote, na hongereni kwa kuomba diski. Mwambie dada aiandike namba hiyo mahali: milimita 12, figo ya kulia, pamoja na tarehe ya leo. Baada ya miezi sita ataitumia kuuliza swali lake la kwanza.